Utanyoosha viungo wapi jijini Nairobi?

JE, wewe ni mmoja wa wakazi wa Nairobi wanaopanda matatu alfajiri, wakaketi ofisini ama dukani kutwa nzima, kisha wakapanda matatu nyingine jioni kwenda kuketi tena mbele ya runinga? Na je, kila Januari huapa kwamba mwaka huu kitambi kitakoma?

Kama ndivyo, usione haya, kwani wenzako ni wengi. Jiji hili lilikuwa na zaidi ya watu milioni 4.3 wakati wa hesabu ya mwaka wa 2019, na ukiwauliza kwa nini hawafanyi mazoezi, wengi watakupa visingizio viwili. Cha kwanza ni kwamba hawana wakati. Cha pili ni kwamba hakuna mahali: barabara zina magari, vichochoro vina matope na vibaka, na jimu za kisasa zinataka pesa ambazo ni karo ya mtoto.

Hicho cha kwanza tukiache, kila mtu na saa yake. Lakini hicho cha pili kinafaa kuchunguzwa, maana kina ukweli nusu tu. Mahali papo Nairobi, tena pengi kuliko wengi wanavyodhani. Taabu ni kwamba pale pazuri zaidi pako mbali na wengi, na pale palipo karibu na wengi pamo mashakani.

Tuanze na pale panaposifiwa na kila mtu.

Msitu wa Karura uko kati ya barabara ya Limuru na ile ya Kiambu, na ukubwa wake unapita hektari 1,000. Ndani mna njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli ambazo ukiziunganisha zinapita kilomita 50. Mna maporomoko ya maji, mna mapango ambayo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijifichamo, na mna kivuli ambacho mkimbiaji wa barabarani hukiona ndotoni tu. Jumamosi asubuhi utawakuta humo wazee wenye fimbo, akina mama wakitembea wawili wawili wakipiga gumzo, na vijana wanaokimbia kana kwamba wanafukuzwa na nyuki.

Haikuwa hivyo zamani. Kuna miaka ambapo mtu mwenye akili zake hangethubutu kuingia Karura peke yake. Isitoshe, mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa wajenzi wa majumba, na mnamo Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda huko kupanda miti. Baadaye ua wa umeme ulijengwa, walinzi wakaongezwa, na watu wakarudi. Anayekimbia humo leo akumbuke kwamba njia anayoikanyaga ilikaribia kuwa sebule ya mtu.

Aliye upande wa magharibi ya mji ana msitu wa Ngong Road, ambao pia una njia nzuri. Na aliye karibu na katikati ya mji ana Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu aina za miti ambayo ingefaa kuni za gari la moshi. Ni hektari 30 hivi, karibu na Ikulu, na njia zake ni fupi na za kupanda na kushuka, nzuri kwa mtu anayeanza. Usishtuke ukikimbia ukapita mtu amesimama chini ya mti akiomba kwa sauti kubwa huku ametoa macho. Bustani hiyo imekuwa kanisa la wengi kwa miaka mingi, na wakimbiaji na waombaji wamezoeana.

City Park, huko Parklands, ina nyani wadogo wanaonyang'anya watoto ndizi, na pia ina kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Karibu nayo uko uwanja wa mpira wa magongo uliotumika katika Michezo ya Afrika ya 1987. Ni mahali pa familia kuliko pa wakimbiaji: watoto wakimbizane kwenye nyasi, baba naye azunguke mara tatu badala ya kulala chali akifunika uso kwa gazeti (hata kama ni hili).

Kwa wenye miguu imara kuna milima ya Ngong, nje kidogo ya jiji, ambako kilele kiko karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari na mitambo ya upepo inazunguka juu ya kichwa chako. Nenda na wenzako, tena mapema, na mchukue askari wa msitu awasindikize. Mgeni kutoka Mombasa asikimbie huko siku ya kwanza. Hata Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600, na pumzi ya pwani huku juu huisha upesi.

Katika mahali pengi kati ya hapo tulipotaja utatozwa ada langoni. Si kubwa ukilinganisha na jimu, lakini hubadilika, basi uliza kabla ya kwenda. Na usitegemee noti mfukoni, kwa maana malipo mengi ya mahali pa serikali siku hizi hufanywa kwa simu.

NAULI NA WAKATI

Sasa tazama jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Hiyo ni kama nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunatosha. Watoto wa miaka mitano hadi 17 wanahitaji kama saa moja kila siku.

Mama anayeishi Dandora akitaka kutembea nusu saa Karura, atapanda matatu hadi mjini, apande nyingine hadi barabara ya Limuru, kisha arudi vivyo hivyo. Atatumia nauli mara nne na saa mbili au tatu za msongamano kwa ajili ya dakika 30. Ataenda mara moja, labda mbili, halafu ataacha. Wala hatakuwa mvivu. Hesabu tu imemkataa.

Ndiyo maana mwenye kutaka mazoezi ya kudumu hana budi kutafuta mahali anapoweza kufika kwa miguu. Na hapa ndipo mitaa ya Eastlands, ambayo watu hupenda kuidharau, inapoishinda mingi ya mitaa mipya ya fahari.

Mitaa kama Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Mkoloni hakuwa na mapenzi makubwa na Mwafrika, na nyumba alizomjengea zilikuwa ndogo, lakini wapimaji wa wakati huo waliamini kwamba mtaa ni lazima uwe na uwazi katikati. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka wa 1948 ulikuwa na fikira hiyo hiyo: kila mtaa na shule yake, ukumbi wake na uwanja wake. Kwa hivyo ukitembea leo Kaloleni, Ziwani au Jericho utakuta kitu ambacho ni adimu katika mitaa ya majumba marefu iliyochipuka juzi: uwazi mkubwa ambao si wa mtu binafsi.

Na uwazi huo umezaa mambo. Kando ya barabara ya Jogoo uko uwanja uliojulikana zamani kama African Stadium, kisha City Stadium, na ambao sasa una jina la marehemu Joe Kadenge, yule mchezaji ambaye jina lake redioni lilikuwa halitengani na mpira. Huko Jericho kuna Camp Toyoyo, uliowekwa nyasi bandia, na wikendi timu hupokezana hapo tangu asubuhi. Huko Ziwani kuna uwanja wa Umeme, nyumbani kwa mashindano ya Koth Biro yaliyoanza mwaka wa 1978. Koth Biro ni maneno ya Kidholuo yenye maana kwamba mvua yaja. Yanachezwa mwishoni mwa mwaka, na mchezaji wa ligi kuu humenyana na kinyozi wa mtaani mbele ya mashabiki waliopanda juu ya kuta na mabati. Kiingilio hakuna. Aliyekosa pa kukaa husimama.

Katika mtaa wa Mathare hakukuwa na mpimaji wala mpango, na bado watu walipata njia. Mwaka wa 1987 Mkanada Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana wa huko, MYSA. Watoto waliokuwa wakipiga mpira wa karatasi za nailoni zilizokazwa kwa kamba waliundiwa ligi, kwa sharti moja la ajabu: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na pia kwa kuzoa taka mtaani. Timu iliyokwepa taka iliweza kupitwa kwenye jedwali na timu dhaifu uwanjani. Mwaka wa 1992 chama hicho kilipata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1994 kikazaa klabu ya Mathare United, ambayo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2008. Yote hayo yalitoka kwenye vijiwanja vya vumbi na viwanja vya shule vilivyoazimwa. (Mipira ya nailoni nayo imekuwa shida kutengeneza tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka wa 2017. Watoto sasa hutumia matambara, kama babu zao.)

WASICHANA JE?

Simama kando ya uwanja wowote wa mtaani saa kumi na moja jioni uhesabu. Wavulana ni 30, wasichana wamesimama pembeni wamebeba watoto wadogo ama mitungi ya maji. Uwanja wa bure kwa kawaida ni wa aliyetangulia na mwenye misuli, na msichana hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu akitoka shule anangojewa na sufuria.

Hili halirekebishwi kwa hotuba. MYSA walianzisha timu za wasichana mwaka wa 1992, na njia iliyofaa ilikuwa kuwatengea siku na saa zao za uwanja. Huko Kariobangi, Boxgirls wamewafundisha wasichana ndondi kwa miaka mingi, na binti anayejua kurusha ngumi hutembea mtaani kwa namna nyingine. Mzazi unayesoma haya, ukimwona binti yako anautazama mpira kwa hamu, mpokonye sufuria kwa saa moja. Kaka yake pia anaweza kukoroga ugali.

Kwa wanawake watu wazima, lililo rahisi ni kwenda kwa kundi. Mwanamke mmoja anayekimbia alfajiri hufuatwa na maneno ya makanga na mbwa wa majirani. Wanawake sita wanaokimbia pamoja hupishwa njia. Katika mitaa kama Umoja na Buruburu majirani wanaweza kukutana Jumamosi kwenye uwazi wa kanisa au shule na kufanya mazoezi ya viungo kwa muziki, kiongozi akilipwa kwa mchango mdogo. Kumbi za jamii za kaunti, kama ile ya Kaloleni, pia zinaweza kuombwa kwa kazi hiyo.

Wale wanaopenda vyuma, wasifikiri ni lazima waende Westlands. Jimu za mtaani zimejaa Kibera, Kawangware na Kayole, na vyuma vyao ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Vioo havipo, lakini mwalimu yupo, na atakukemea ukikosea mgongo. Ada yake hailingani kamwe na ile ya jimu yenye mazulia. Angalizo moja tu: mkebe wa saruji hauna kilo zilizoandikwa, basi anza na ule mdogo hata kama vijana watacheka.

Kuogelea ni kugumu zaidi. Nyayo, uliofunguliwa mwaka wa 1983, na Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya ile michezo ya 1987, kote kuna vidimbwi, lakini milango yake hutegemea ukarabati na mashindano. YMCA ya barabara ya State House na ile ya Shauri Moyo ndizo zimekuwa kimbilio la mwananchi wa kawaida. Piga simu kwanza.

Kuhusu vilabu vikubwa vya kulipia uanachama sina mengi. Ni vizuri, vina nyasi kama zulia, na mlango wake unaujua kama una pesa zake. Ila ni vigumu kupita hivi hivi bila kutaja kwamba uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, ulioanzishwa mwaka wa 1906, umepakana na Kibera. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka hewani utaona upande mmoja nyasi za kijani ambako watu wachache wanafuata mpira mdogo, na upande wa pili mabati yamebanana hata mtoto hana pa kuruka kamba.

UKUTA ULIOJENGWA USIKU

Tulisema kwamba viwanja vya karibu vimo mashakani, na huenda msomaji akadhani tunatia chumvi. Basi tukumbuke Shule ya Msingi ya Lang'ata Road.

Watoto wa shule hiyo waliporudi kutoka likizo mwanzoni mwa mwaka wa 2015, walikuta ukuta umesimama kati ya madarasa na uwanja wao wa kuchezea. Jumatatu ya Januari 19, wakiwa na sare zao, wakishirikiana na wanaharakati, waliusukuma ukuta huo hadi ukaanguka. Polisi waliwarushia vitoa machozi. Picha za watoto wa shule ya msingi wakikohoa na kulia kando ya uwanja wao zilizunguka dunia nzima, na serikali ikalazimika kusema kwamba ardhi hiyo ni ya shule.

Shule hiyo ilibahatika kwa sababu kulikuwa na kamera. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilionyesha kwamba ardhi ya umma ya kila aina nchini, zikiwemo bustani, ilikuwa imegawiwa watu binafsi kwa miaka mingi. Hata Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka wa 1969 katikati kabisa ya jiji, ilikaribia kujengewa jumba la orofa 60 mwaka wa 1989, na ni kelele za Wangari Maathai na wenzake zilizoliokoa eneo hilo.

Mnyakuzi hachagui uwanja wowote tu. Hupenda ule uliomea magugu, usio na magoli, ambao majirani wenyewe huutupia taka, kwani akiuzungushia mabati hakuna atakayeuliza. Ule wenye mechi kila Jumamosi, wenye chaki iliyochorwa na mama muuza maji ya barafu pembeni, una mashahidi 500 kila wiki. Ndiyo maana kijana anayekimbia raundi kumi kwenye uwanja wa mtaa wake anafanya kazi ya askari wa ardhi pia, ingawa hajui.

Chini ya Katiba ya 2010, bustani na viwanja vya michezo vya mitaani ni jukumu la serikali ya kaunti. Mwakilishi wa wadi yako ndiye wa kuulizwa. Muulizeni mambo mawili: je, uwanja huu umepimwa na una hati, na je, bajeti ya mwaka huu imetenga nini kwa ajili yake? Nendeni kama kikundi, muwe na barua, na mbaki na nakala yenye muhuri. Wazazi wa shule za umma nao waulize swali hilo hilo katika mkutano, kabla ya kufikia habari ya basi la shule.

Kuna lingine ambalo halihitaji hata hati. Viwanja vya shule nyingi za umma hufungwa kwa kufuli Ijumaa jioni hadi Jumatatu, watoto wa mtaa huo huo wakicheza kando ya barabara. Walimu wakuu wana hofu zao: madirisha yatavunjwa, mabomba yataibiwa. Hofu hizo ni za kweli. Lakini mahali ambapo wazazi wamekubali kuweka kamati, mtu mmoja wa kushika ufunguo na mchango wa kumlipa bawabu, mlango unaweza kufunguliwa.

Sasa wewe unayetaka kuanza kesho. Kama una zaidi ya miaka 40 na hujakimbia tangu shule, ama una shinikizo la damu au kisukari, muone daktari kwanza. Anza kwa kutembea. Ukitembea barabarani isiyo na kando ya watembeao, shika upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, na vaa nguo nyeupe kama bado ni giza. Raba za Gikomba zinafaa sana, ila kunja soli kabla ya kununua. Ikipasuka, iache hapo hapo. Mvua za Aprili zikigeuza uwanja kuwa bwawa, tumia ngazi za jumba unaloishi.

Kisha Jumapili hii baada ya kanisa, ama jioni jua likipoa, chukua watoto mzunguke mtaa wenu kwa miguu mkitafuta uwazi wowote ambao hauna jengo. Mkikuta mna mchezo, simameni mtazame, na uulize timu ya watoto hufanya mazoezi siku gani. Mkikuta lango lina kufuli, muulize bawabu ufunguo uko kwa nani.